Dola takatifu au chombo tu? Wanachobishania Wazayuni wa kidini

Agosti 1903, mjini Basel nchini Uswisi, wajumbe wa Mkutano wa Sita wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka taifa lao lipate nchi yake, waliitwa kupigia kura jambo linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki: watume tume, au wasitume, kwenda kukagua ardhi ambayo Uingereza ilikuwa tayari kuwapa. Waliuita mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa juu wa Uasin Gishu, upande wa Eldoret ya leo. Waliokubali walikuwa 295, waliokataa 178. Tume ilishuka Mombasa Januari 1905, na miezi michache baadaye mkutano uliofuata ukaukataa mpango wote.

Kisa hicho wengi tunakijua, na wapo wanaokisimulia kama kichekesho. Lisilosimuliwa ni nani alipiga kura ipi. Wakataaji wakubwa walikuwa wajumbe wa Urusi, wengi wao watu waliokwisha kuachana na dini, na kwao kutaja nchi yoyote badala ya Palestina ulikuwa usaliti. Kulikuwapo pia Mizrachi, chama cha Wazayuni washika dini kilichoundwa Vilna mwaka 1902 na Rabi Yitzchak Yaakov Reines. Wajumbe wake wengi walikubali. Marabi walikuwa radhi na Uasin Gishu. Wasiosali ndio walioing'ang'ania Yerusalemu.

Reines hakuwa ameipa kisogo Nchi Takatifu. Aprili 1903 Wayahudi wa Kishinev, mji wa Dola ya Urusi, walikuwa wameuawa majumbani na barabarani, na kwake roho za watu zilitangulia. Uzayuni aliuona ni kazi ya kuokoa watu, basi, kama mgonjwa anavyotafuta daktari bila kuacha kumtumaini Mungu. Ujio wa Masihi ni shauri la Mungu mwenyewe. Hauharakishwi kwa kura.

Naanzia huko kwa makusudi. Leo mtu akisikia "Mzayuni wa kidini" humjia akilini mlowezi mwenye kofia ndogo ya kufuma na bunduki begani, juu ya kilima cha Ukingo wa Magharibi, na hitimisho huwa tayari mdomoni: dini ikizidi, tamaa ya ardhi nayo inazidi. Nimefuatilia mijadala ya watu hawa kwa miaka mingi kama sehemu ya kazi yangu ya kufundisha dini na siasa, na naona hitimisho hilo halisimami. Wanaosali sinagogi moja na kupeleka watoto shule moja hufikia maamuzi ya kisiasa yanayopingana kabisa. Kinachowagawa ni swali ambalo wanasiasa wa kawaida hawalijui: dola ya Israel ni kitu gani mbele ya Mungu?

Jibu lililokuja kutawala lilitoka kwa Rabi Abraham Isaac Kook, aliyefika Jaffa mwaka 1904 na kuwa Rabi Mkuu wa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya, mwaka 1921. Alifundisha kwamba hata vijana wa Kizayuni waliokuwa wakilima siku ya Sabato walikuwa wanafanya kazi ya Mungu bila kujijua. Mwenyewe alifariki 1935, dola haijazaliwa. Aliyeyateremsha mafundisho yale hadi kwenye mipaka na mitutu ni mwanawe, Rabi Zvi Yehuda Kook, mkuu wa chuo cha Torati cha Merkaz HaRav mjini Yerusalemu. Kwa Zvi Yehuda dola yenyewe ni takatifu, na jeshi lake pia, kwa kuwa ni mwanzo wa ukombozi waliotabiri manabii. Mei 1967, kwenye sherehe ya uhuru, aliwasimulia wanafunzi wake jinsi alivyoshindwa kutoka kucheza na umati usiku wa Novemba 1947, Umoja wa Mataifa ulipopitisha kuigawa Palestina. Ardhi ilikuwa imekatwa vipande. Akapaza sauti: iko wapi Hebron yetu? Iko wapi Shekemu yetu, iko wapi Yeriko yetu?

Wiki tatu baadaye, katika Vita vya Siku Sita, jeshi la Israel lilikuwa ndani ya miji hiyo. Jiweke kwenye viatu vya kijana wa miaka 20 aliyekuwa ameketi pale. Ungemshawishi vipi kwamba mwalimu wake hakutabiri?

Kutoka darasa lile ndipo walipotoka viongozi wa Gush Emunim, vuguvugu la walowezi lililoundwa 1974. Mkakati wao ulikuwa mwepesi kuueleza: unapanda kilimani usiku, unajenga, serikali inakuja kukutoa, unarudi tena, mpaka inachoka na kukupa kibali. Kwa Wapalestina maana yake ilikuwa ardhi kupungua mwaka hadi mwaka. Niseme wazi kwamba katika maandiko mengi ya kundi hili Mpalestina hatokezi kama mtu mwenye nyumba na mzeituni wake. Hutokea kama kikwazo, au kama mtihani wa imani ya Myahudi. Rabi Menachem Froman wa Tekoa ni mmoja wa wachache waliotoka kwenye mkumbo huo. Alikuwa mwanzilishi wa Gush Emunim na mlowezi hadi kufa kwake 2013, ila alikutana na Sheikh Ahmed Yassin wa Hamas na kusema yuko tayari kuishi chini ya dola ya Kipalestina, mradi aishi kwenye ardhi ile. Wenzake wengi walimwona kichaa. Mimi namwona aliyeufuata mpaka mwisho ule msemo wao kwamba ardhi ni ya Mungu.

Jibu la pili ni la kina Reines, na baada ya 1967 alilisema kwa ukali kuliko wote Profesa Yeshayahu Leibowitz, mwanasayansi aliyeshika kila amri ya Torati. Kwake dola ni chombo cha utawala kama wizara ya maji. Anayeiita takatifu anaabudu sanamu. Watu walipofurika kwenye Ukuta wa Magharibi, mahali patakatifu pa Wayahudi mjini Yerusalemu, kushangilia, aliuita disko. Kwa sauti ya upole zaidi, Rabi Yehuda Amital, aliyenusurika kambi ya kazi ya Wanazi, alipanga mambo kwa mfuatano: kwanza watu wa Israel, pili Torati, tatu ardhi. Chama chake, Meimad, kiligombea 1988 kikakosa hata kiti kimoja.

Mpaka hapo unaweza kudhani picha imekamilika: wanaoitakasa dola wanang'ang'ania ardhi, wanaoiona chombo wako tayari kuachia. Ikaja 2005.

Waziri Mkuu Ariel Sharon, baba mlezi wa walowezi kwa miaka yote, aliamua kuondoa makazi yote 21 ya Ukanda wa Gaza, yenye walowezi wapatao elfu nane. Wanaharakati walianza na njia ya kistaarabu. Mei 2004 Sharon aliitisha kura ya wanachama wa Likud, chama chake. Walowezi wakazunguka nyumba kwa nyumba wakibisha hodi, na mpango ukakataliwa kwa karibu asilimia 60. Sharon akaendelea nao. Ndipo swali la imani likawa swali la askari: mwanafunzi wa Torati aliyevaa sare akiamriwa kumtoa mlowezi nyumbani kwake, afanyeje?

Rabi Avraham Shapira, aliyekuwa akiongoza Merkaz HaRav yenyewe, akasema asitii. Amri ya mtu haiwezi kushinda amri ya Mungu. Rabi Shlomo Aviner na Rabi Zvi Tau, wote wanafunzi wa Zvi Yehuda, wakapinga kukaidi: kama dola ni takatifu na jeshi ni takatifu, utalivunja kwa mkono gani? Itazame vizuri hoja hiyo. Imani ileile ya dola takatifu iliyowapeleka vilimani ndiyo iliyowafanya waikubali amri ya kushuka. Rabi Mordechai Eliyahu, Rabi Mkuu wa zamani, alitamka kuhusu uhamisho ule kwamba hautakuwapo, na wapo waliomchukulia neno kwa neno wasifungashe kitu.

Siku za mwisho zinasomeka kama mtihani wa majibu haya. Julai, maelfu ya waandamanaji waliokusudia kuingia Gaza kwa miguu walizingirwa na polisi na wanajeshi kijijini Kfar Maimon. Walikuwa wengi kiasi cha kuweza kuvunja kizuizi. Viongozi wa baraza la walowezi waliamua wasivunje, na vijana hawajawasamehe hadi leo. Agosti, ndani ya sinagogi la makazi ya Neve Dekalim, mamia ya vijana walikaa chini wakishikana mikono, wakiimba na kulia, huku wanajeshi wakiwabeba mmoja mmoja. Wapo wanajeshi waliolia pia. Huko Kfar Darom wengine walipanda juu ya paa la sinagogi wakawamwagia polisi rangi.

Kilichobadilika baada ya hapo hakikuonekana kwenye televisheni. Kila Sabato sinagogi nyingi za Kizayuni husoma dua ya kuiombea dola, iliyotungwa 1948, inayoitaja Israel kuwa mwanzo wa kuchipua kwa ukombozi. Baada ya Gaza wapo walioiacha dua hiyo, na wapo walioibadili kidogo: ijaaliwe iwe mwanzo wa ukombozi. Aliyesimama na kitabu mkononi, watoto wakimtazama, alilazimika kuamua atamke lipi. Ubishi wa namna hiyo upo pia Siku ya Uhuru. Je, zisomwe Zaburi za sifa, ya 113 hadi 118, kwa kutanguliza baraka yenye jina la Mungu? Rabi Shlomo Goren alisema ndiyo, Rabi Ovadia Yosef akasema hapana. Asiyejua atauona ni ubishi wa kiibada tu. Lakini kutamka baraka pasipo wajibu ni kulitaja jina la Mungu bure, kwa hiyo anayeitamka ameweka imani yake rehani kwamba mwaka 1948 Mungu alitenda.

Upande wa kura naupitia haraka. Chama chao cha kale, Mafdal, kilikaa karibu kila serikali kikilinda shule za dini na Sabato. Wenyewe husema kwa kejeli kwamba walikuwa wasimamizi wa chakula halali kwenye behewa la chakula, treni ikiendeshwa na wengine. Moshe Feiglin alitaka kuteka kichwa cha treni kwa kuwaingiza waumini ndani ya Likud. Aligombea uongozi wa chama hicho zaidi ya mara moja, hakuupata. Naftali Bennett alifika mwaka 2021, waziri mkuu wa kwanza mwenye kofia ya kufuma, na wengi waliomlea kisiasa wakamwita msaliti kwa kushirikiana na mrengo wa kushoto na chama cha Waarabu. Bezalel Smotrich alichagua kukaza: 2022 aliungana na Itamar Ben Gvir, mfuasi wa zamani wa Meir Kahane, rabi aliyetaka Waarabu wafukuzwe, wakapata viti 14. Hapo ndipo ninapowaona marabi wengi walionyamaza kuwa na deni. Mwaka 1994 Baruch Goldstein, mfuasi mwingine wa Kahane, aliwaua Waislamu 29 waliokuwa wakisali Ramadhani katika Msikiti wa Ibrahimi, Hebron. Wakati ule kumkana Kahane lilikuwa jambo rahisi.

Ubishi mkali wa karibuni ni wa mateka waliochukuliwa na Hamas Oktoba 7, 2023. Maimonides, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi wa zama za kati, anasema hakuna amri kubwa kuliko kukomboa mateka. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sehemu ya Gittin, inasema mateka wasikombolewe kwa zaidi ya thamani yao, kwa maslahi ya jamii nzima. Ndege ilipotekwa na kuletwa Entebbe mwaka 1976, Ovadia Yosef alielekea kuruhusu wafungwa wabadilishwe na mateka, kwa hoja kwamba hatari inayomkabili mateka iko mbele ya macho, na ile ya mfungwa anayeachiwa ni ya baadaye na haina uhakika. Makomando wa Israel wakatangulia. Safari hii familia zenyewe za kidini ziligawanyika. Wapo walioandamana kudai makubaliano ya kubadilishana mateka na wafungwa, na wapo waliounda jukwaa la Tikva, lililopinga watoto wao kurudishwa kwa bei ile.

Januari 2025 serikali ilipopitisha usitishaji vita na kubadilishana mateka, Ben Gvir alijitoa serikalini. Smotrich alipiga kura ya hapana, akabaki kwenye kiti chake cha Wizara ya Fedha, pamoja na mamlaka aliyopewa juu ya makazi ya walowezi ndani ya Wizara ya Ulinzi.