Ukitaka kuwachangia waathirika wa maafa, soma hapa kwanza

Kila masika inapokaribia malalamiko hurudi ofisini kwetu: "Tulichanga, mbona msaada haukufika?" Najua wengi wanaouliza hivyo wametoa kwa moyo, kwa hiyo naeleza utaratibu ulivyo.

Kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, kuna kamati za maafa kuanzia kijijini hadi taifa. Ya wilaya huongozwa na mkuu wa wilaya. Mzigo ukifika ghalani huhesabiwa mbele ya aliyeuleta, huandikwa kwenye leja, naye hupewa stakabadhi yenye sahihi. Idai stakabadhi hiyo, usiondoke bila kuipata. Mzigo hautoki mpaka iwepo orodha ya kaya iliyohakikiwa na mtendaji wa kijiji au mtaa. Tunaambiwa kila mara kwamba huu ni urasimu. Si urasimu! Bila orodha, kaya iliyo kando ya barabara hupata magodoro matatu, na mjane aliye ng'ambo ya korongo hapati hata moja.

Fedha ziende kwenye akaunti iliyotangazwa na mamlaka. Namba ya mtu binafsi inayosambazwa WhatsApp na picha ya mtoto analia si akaunti ya maafa. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, viongozi wawili walitenguliwa uteuzi wakituhumiwa kufungua akaunti yenye jina kama la ile rasmi. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Ukitumia simu au mtandao, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inakuhusu, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili.

Dawa na maziwa ya kopo ya watoto, zungumza kwanza na mganga mkuu wa wilaya. Nguo ziwe safi na zimechambuliwa. Katika ghala moja nililosimamia tulifungua kiroba tukakuta viatu vya mguu wa kushoto vitupu. Vijana wawili walishinda wakitafuta vya kulia, huku foleni ya maji ikiwasubiri nje.

Jambo linaloniuma zaidi ni muda. Desemba 3, 2023, matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu ya mji wa Katesh, mkoani Manyara. Unga na mablanketi vilimiminika siku zile zile. Nyumba 109 za waathirika zilizojengwa eneo la Waret, zikiwamo za Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, zilikabidhiwa Desemba 2024. Mwaka mzima! Katikati hapo kuna mama lishe aliyepoteza masufuria na mtaji, mkulima asiye na mbegu, mtoto asiye na sare, na wakati huo wachangiaji wameshatawanyika.

Kwa hiyo mwezi wa tatu au wa sita baada ya maafa, nenda ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, muulizie mratibu wa maafa, umwombe orodha ya mahitaji ya wiki hiyo. Mara nyingi bati, misumari na saruji ndivyo vinavyotangulia.