Namba ya uwezo wa udongo haitoshi: wahandisi wawili wanapaswa kukokotoa msingi pamoja

Katika ripoti ya uchunguzi wa udongo, wengi hutafuta namba moja tu: uwezo wa udongo kubeba mzigo, tuseme kPa 150 (kilopaskali, yaani kilonewton, kN, kwa kila mita ya mraba). Mhandisi wa miundo anagawanya mzigo wa nguzo kwa namba hiyo, anapata ukubwa wa msingi, kazi inaendelea. Matatizo mengi ya misingi huanzia hapo. Namba ile si sifa ya udongo peke yake. Inategemea pia upana wa msingi, kina chake, kimo cha maji ya chini ya ardhi na kiasi cha kutitia, yaani kuzama ardhini kwa uzito, ambacho jengo linaweza kukistahimili. Udongo na maji anavijua mhandisi wa udongo. Upana na ustahimilivu wa jengo anavijua mhandisi wa miundo.

Chukua jengo lenye sakafu 6, upana wa m 18 kila upande, nguzo zikiwa kila baada ya m 6. Kwa makadirio ya kPa 12 kwa kila sakafu, uzito wa jengo na watumiaji ukiwa ndani yake, nguzo ya katikati inabeba takribani kN 2,600 na ya pembeni kabisa, kwenye kona, kN 650. Kwa kPa 150, ya katikati inahitaji pedi, yaani kitako cha zege chini ya nguzo moja, ya m 4.2 kwa m 4.2, ya kona m 2.1 kwa m 2.1. Pedi zote mbili zinakandamiza udongo kwa nguvu ileile, na kwa karatasi zote ziko salama. Lakini katika mfinyanzi wa aina moja, pedi yenye upana mara mbili hutitia karibu mara mbili, kwa kuwa mkandamizo wake unafika chini zaidi. Kona ikititia mm 20, katikati itatitia mm 40. Tofauti ya mm 20 katika umbali wa m 8.5 ni 1 kwa 425. Kikomo kinachotumika sana pale nyufa zisipotakiwa ni 1 kwa 500. Kwenye 1 kwa 300 kuta za tofali huanza kupasuka, na kwenye 1 kwa 150 fremu yenyewe iko hatarini.

Ukipanua pedi ya katikati hadi m 5, kutitia kwake kunashuka hadi mm 34 hivi na tofauti inarudi ndani ya kikomo. Hata hivyo pedi hizo sasa zimefunika zaidi ya theluthi mbili ya eneo lililo kati ya nguzo, na mara nyingi zikishavuka nusu, rafti moja, yaani bamba la zege chini ya jengo zima, huwa nafuu kuliko kuchimba pedi mojamoja. Uamuzi huu hauwezi kutolewa na mhandisi mmoja akiwa na nusu ya taarifa.

Ndiyo maana mizigo ya awali ya nguzo, hata kama ni makadirio, inapaswa kumfikia mhandisi wa udongo kabla mashine ya kuchoronga haijafika kiwanjani. Kina cha mashimo kinategemea upana wa kinachojengwa. Chini ya pedi moja ya m 4.2, mkandamizo huhisika hadi m 8 hivi. Pedi zikikaribiana, athari zake huungana na jengo zima hukandamiza kama msingi mmoja wa m 18, hivyo mashimo ya m 6 yanayochimbwa ili kuokoa gharama hayasemi lolote kuhusu tabaka litakaloamua. Na tabaka hilo likiwa mfinyanzi laini, kipimo cha kawaida cha kuhesabu mapigo ya nyundo ya kilo 63.5 inayopigilia mrija ardhini hakitoshi. Zinahitajika sampuli zisizovurugwa ili maabara ipime udongo utatitia kiasi gani, na kwa muda gani.

Ghala la nafaka la Transcona, karibu na Winnipeg nchini Kanada, lilionyesha hili tarehe 18 Oktoba 1913. Udongo ulikuwa umepimwa kwa kupakia mzigo kwenye bamba dogo, ambalo hupima sehemu ya juu tu. Mfinyanzi dhaifu wa chini ulifikiwa na mkandamizo wa rafti pana. Ghala lilipojazwa nafaka liliinama hadi karibu nyuzi 27, ingawa zege lenyewe halikuvunjika.

Rafti ina mtego mwingine, nao uko ndani ya kompyuta. Programu za miundo huuliza ugumu wa springi zinazowakilisha udongo, na wengi hunakili namba kutoka kwenye jedwali. Ugumu huo hubadilika kwa ukubwa wa msingi: udongo uleule wenye moduli (kipimo cha ukinzani wake dhidi ya kubonyea) ya MPa 15, ukikandamizwa kwa kPa 100, hutitia takribani mm 11 chini ya msingi wa m 2 na mm 110 chini ya msingi wa m 20. Springi zinashuka kutoka kN 9,000 hadi 900 kwa mita ya ujazo. Tena, springi za ugumu mmoja chini ya mzigo ulioenea sawasawa huonyesha rafti ikishuka bapa bila kupinda, wakati katika ardhi halisi katikati hushuka zaidi ya kingo. Nondo zinazohitajika kwa mpindo huo hazitaonekana kwenye hesabu. Mhandisi wa miundo atume mikandamizo aliyoipata. Mwenzake akokotoe kutitia sehemu kwa sehemu na kurudisha springi mpya. Warudie mpaka kutitia kwa hesabu hizo mbili kukaribiane, na kwa kawaida mizunguko 2 au 3 inatosha.

Shimo likishachimbwa, wote wawili walione kabla ya zege la kusafishia, lile tabaka jembamba la kusawazisha chini ya msingi, kumwagwa. Fundi akikuta udongo laini na kuchimba m 1 zaidi, nguzo fupi iliyo chini ya ardhi imerefuka, na nondo zake zikokotolewe upya. Kujazia kifusi hakukubaliki.

Penye chumba cha chini ya ardhi na maji ya karibu, kama katika sehemu za pwani, jambo la kukubaliana mapema ni lini pampu zinazoshusha maji hayo wakati wa ujenzi zizimwe. Maji yakisimama m 3 juu ya kitako cha sakafu ya chini, yanaisukuma juu kwa kPa 30. Sakafu hiyo ikiwa na unene wa mm 500 ina uzito wa kPa 12 tu. Kila sakafu ya juu ikiongeza kPa 7 za zege tupu, zinahitajika sakafu 3 ili uzito ushinde maji kwa ziada ya asilimia 10. Michoro itaje waziwazi sakafu ambayo ikishajengwa pampu zinaweza kuzimwa, kwa saini za wahandisi wote wawili. Mpaka ifikiwe, kiwanjani kuwe na jenereta na pampu ya akiba, maana umeme ukikatika maji huanza kupanda tena.