Kioo Hakipimi Pumzi: Umbo na Uimara wa Akili katika Mbio Ndefu

Kila unapofika msimu wa kujiandikisha kwa mbio za kilomita 21 jijini Dar es Salaam, maswali mengi tunayoulizwa sisi wa tiba ya michezo huhusu umbo. Mwenye kitambi anauliza kama anastahili kushiriki, na kijana aliyejaza kifua kwa kunyanyua vyuma anataka kujua imekuwaje apitwe na mama wa makamo kabla hawajamaliza Daraja la Tanzanite. Wote wawili wanaamini kwamba uwezo wa kukimbia masafa marefu huonekana kwa macho.

Kinachombeba mkimbiaji kimejificha: moyo unaosukuma damu nyingi kwa kila pigo, mishipa midogo iliyotapakaa ndani ya misuli, na seli zilizozoea kutumia oksijeni vizuri. Kifua kipana ni mzigo unaodai damu yake na kuzalisha joto lake. Juma Ikangaa, Mtanzania mfupi wa kimo, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na katika joto na unyevunyevu kama wa pwani yetu mwili mdogo una nafuu ya kweli, kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake, hivyo hupoa upesi. Mwili basi una nafasi yake, ila jicho huusoma vibaya. Wanaojinyima chakula ili wafanane na wakimbiaji wa kulipwa ndio hutuhuzunisha zaidi, maana wanawake hukosa hedhi, mifupa hupata nyufa, na kasi yenyewe hushuka.

Akili nayo hupimika. Mwaka 2009 mtafiti Samuele Marcora na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu 16 walipanda baiskeli ya maabara hadi wakashindwa kuendelea. Siku walipotanguliza dakika 90 za kazi nzito ya kufikiri walidumu wastani wa sekunde 640, ilhali siku ya kawaida walidumu sekunde 754, ingawa mwitikio wa moyo na misuli haukutosha kueleza tofauti hiyo. Kilichobadilika ni jinsi walivyouhisi ugumu wa kazi. Anayetoka ofisini jioni, akakaa kwenye foleni ya Mbagala na kisha kwenda mazoezini, asishangae miguu ikimwia mizito. Siku hiyo akimbie taratibu, na mazoezi magumu ayaweke alfajiri ya siku ya mapumziko.

Hisia hiyo ya ugumu inafundishika. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2014, waliozoezwa kwa wiki mbili kujisemesha maneno ya kujitia moyo waliongeza muda wao wa kustahimili kwa takribani asilimia 18. Maneno yawe mafupi na ya mkimbiaji mwenyewe, ayajaribu mazoezini kilomita za mwisho miguu inapokuwa imechoka, kwa sababu maneno yanayobuniwa siku ya mashindano aghalabu husahaulika pale yanapohitajika. Njia nayo igawanywe vipande, kutoka kituo kimoja cha maji hadi kingine.

Ustahimilivu huu una mpaka, na hapa mfano wa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, hutumiwa vibaya kuwahimiza watu wasiache kamwe. Akhwari aliumia mguu, lakini kiharusi cha joto, hali ya mwili kupata joto kupita kiasi, hushika ubongo, yaani kiungo kile kile kinachopaswa kuamua kuendelea au kuacha. Mkimbiaji anayeyumba, anayejibu mambo yasiyoeleweka au kugombana na wenzake bila sababu asiachiwe uamuzi huo, hata kama jasho bado linamtoka na anasisitiza kwamba yuko salama. Wenzake wa jogingi wamsimamishe, wampeleke kivulini, wamvue nguo za ziada, wammwagie maji baridi mwili mzima na kumpepea bila kukoma huku gari la wagonjwa likiitwa, na wasimnyweshe chochote ikiwa fahamu zake hazijatulia.