Medali kwenye Jalada Haimpimi Mtoto Wako

Kila Januari, Chama cha Maktaba cha Marekani kikishatangaza tuzo za vitabu vya watoto, simu yangu haipumziki. Nafundisha darasa la pili hapa Kentucky, na wazazi wengi wa wanafunzi wangu wanazungumza Kiswahili: Wakongo, Warundi, Watanzania. "Mwalimu, nimemnunulia kile kilichoshinda." Nafafanua, tunaelewana, na mwaka unaofuata tunaanza upya. Safari hii nimeona niziandike dhana potofu ninazozisikia.

Dhana: Kitabu kimeshinda medali, basi kinamfaa mwanangu

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu anayeumia ni mtoto.

Mama mmoja anayefanya kazi zamu ya usiku alinunua kitabu chenye muhuri wa dhahabu wa Newbery, mojawapo ya tuzo hizo, inayotolewa kwa uandishi; jalada gumu, bei si haba. Kila jioni kabla ya kwenda kazini alimketisha mwanawe wa miaka saba mezani asome. Walipokuja kwangu nilimwomba mtoto anisomee kidogo. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma neno, akaruka la pili, akaniangalia usoni aone kama nimegundua. Ukurasa mmoja ulituchukua dakika kumi na tano. Nilipomuuliza umehusu nini, akainamisha kichwa. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mwanangu ana tatizo?"

Hana tatizo lolote. Kitabu ndicho hakikuandikwa kwa umri wake.

Medali ya Newbery imetolewa tangu 1922, na kwa mujibu wa kanuni zake "mtoto" ni yeyote hadi miaka 14. Kitabu cha kijana wa miaka 13 kinaweza kushinda kihalali kabisa. Kamati ya watu 15 inatazama uandishi: wahusika, mtindo, mazingira, jinsi kisa kilivyosukwa. Haiangalii kama mtoto wa darasa la pili atakiweza. Tena kanuni hizohizo zinasema wazi kwamba tuzo haitolewi kwa sababu ya mafunzo yaliyomo wala umaarufu wa kitabu. Kwa hiyo mzazi anayeniambia, "Nimekichukua kimfundishe adabu," naye anatafuta embe kwenye mnazi.

Fanyeni hivi, nawaomba. Mtoto afungue ukurasa wowote wa katikati asome kwa sauti. Kila neno linalomshinda, akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho kwake bado kizito. Msomee wewe, au kakake, maana masikio ya mtoto yanaelewa hadithi ambayo macho yake hayajaiweza. La sivyo kiweke mwaka mmoja, miwili. Akikunja viwili au vitatu, mwachie aendelee.

Na kama ni lazima kiwe na medali, ipo ya wanaoanza kusoma: tuzo ya Theodor Seuss Geisel, iliyoanza kutolewa 2006. Inatangazwa siku ileile moja na Newbery. Naitaja kila mkutano wa wazazi, na bado sijapata mzazi mmoja aliyekuja kuniulizia. Tafadhali, iulizieni.

Dhana: Kitabu kisicho na maneno ni cha kupoteza muda

Medali ya Caldecott, tangu 1938, ni ya picha, na anayepewa ni mchoraji. Mwaka 2010 aliipata Jerry Pinkney kwa *The Lion & the Mouse*, kisa cha simba na panya ambacho maandishi yake ni milio ya wanyama tu. Baba mmoja alikirudisha siku ya pili: "Hakina kitu, mwalimu, atasoma nini?" Nilimketisha pale pale, nikamwomba amsimulie mwanawe kinachotokea, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili. Simba aliponaswa wavuni, mtoto alishamdaka baba mkono asifunue upesi. Mzazi ambaye Kiingereza kinampiga chenga hatapata kitabu kizuri kuliko hiki. Mtoto anajifunza kufuata kisa, kubashiri, kupanga mambo kwa mfuatano, na yote hayo atayahitaji siku akikutana na maneno.

Dhana: Muhuri wa fedha ni wa walioshindwa

Vitabu vyenye muhuri huo ni vitabu vya heshima, yaani vilivyoikaribia medali na kamati ikavitambua. Mwaka 1953 *Charlotte's Web* cha E. B. White kilipata heshima ya Newbery tu, medali ikaenda kwingine. Hadi leo kinasomwa madarasani.

Dhana: Watoto ndio waliokipigia kura

Hapana, wanaochagua ni watu wazima, na mijadala yao ni ya siri. Mnaotaka kujua watoto wenyewe wanapenda nini, hapa kwetu kuna Kentucky Bluegrass Award, ambapo wanafunzi husoma na kupiga kura. Orodha yake mkutubi wa shule anayo.

Dhana: Tuzo hizi hazina chetu

Nasikia hili hasa kwa wazee, na linanisikitisha. Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyewahi kufundisha Uganda miaka ya 1960, aliandika *Moja Means One*, kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, moja hadi kumi. Picha zilichorwa na Tom Feelings, na mwaka 1972 zikapata heshima ya Caldecott. Mwaka 1975 Tom akaipata tena kwa *Jambo Means Hello*, kitabu chao cha alfabeti ya Kiswahili. Mwaka jana bibi mmoja asiyejua Kiingereza alikaa kwenye kile kiti kidogo cha darasani, mjukuu akafunua, naye akataja namba moja baada ya nyingine kwa sauti, mpaka wanafunzi wengine wakasogea na kuitikia. Kama tawi lenu la maktaba halina vitabu hivi, mwombeni mkutubi aviagize kutoka tawi jingine.