Kuupata Mkutano wa AA Ulio Karibu Nawe

Mtu anapoketi mbele yangu na kukiri kwamba pombe imemshinda, kwa kawaida hutaka tuzungumzie dawa na gharama za kulazwa, lakini swali lililo gumu zaidi huja mwishoni, akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango: "Sasa Ijumaa jioni nitakwenda wapi?" Katika kazi yangu ya ushauri nasaha kwa watu wenye uraibu hapa Nairobi, jibu ninaloanza nalo ni mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous), yaani ushirika wa watu waliolemewa na pombe ambao husaidiana kuiacha.

Kabla ya hayo, ipo tahadhari. Anayekunywa kila siku tangu asubuhi, na ambaye mikono humtetemeka anapokosa, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani ili awahi mkutano. Katika siku chache za mwanzo anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo, na hali hiyo inaweza kuua. Aanzie hospitalini, mkutano utamsubiri.

AA ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, nchini Marekani, pale Bill Wilson, aliyefanya kazi katika soko la hisa, alipokutana na daktari wa upasuaji Bob Smith, wakagundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake hupatikana kitu ambacho maonyo ya wasiokunywa hayakuwahi kukileta. Vikundi bado huendeshwa kwa msingi huo. Hakuna ada, na sharti la pekee la uanachama ni nia ya kuacha kunywa; kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba na chai, na asiye na kitu humpitishia tu aliye kando yake. Hakuna anayedai kitambulisho, na jina la kwanza linatosha.

Mahali pa kuutafuta mkutano si pachache. Hapa Kenya unaweza kupiga 1192, nambari isiyotozwa malipo ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ukaelekezwa kwenye huduma zilizo karibu nawe. AA yenyewe huorodhesha mikutano kwenye intaneti, na wahudumu wa kliniki za afya ya akili mara nyingi hujua kikundi kinachokutana mtaani kwao. Hata hivyo, mimi huichukulia orodha kama ushahidi kwamba mkutano uliwahi kuwapo. Vikundi huhama, chumba hufungwa, siku hubadilishwa, na aliyejikaza wiki nzima akafika akakuta kufuli huenda asirudi tena. Kwa hiyo piga simu kabla ya kutoa nauli.

Katika simu hiyo uliza kwanza saa, na uiulize kwa Kiswahili. Mteja wangu mmoja aliandikiwa "saa 6.00", akafika saa sita adhuhuri, ilhali watu walikutana saa kumi na mbili jioni, na mchana ule aliumalizia kwenye baa iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi au wa faragha, kwa maana ule wa faragha ni wa wenye nia ya kuacha pombe pekee, na wa wazi humruhusu hata mke au ndugu kuingia na kusikiliza. Jamaa za mnywaji wana ushirika wao, Al-Anon, uliopo tangu 1951, na mara nyingi mimi huwatuma huko hata kama mnywaji mwenyewe amekataa katakata kwenda popote.

Jambo linalowarudisha wengi nyuma ni kwamba vikundi vingi hukutana katika viwanja vya makanisa. Sababu ni ya kawaida kabisa: vyumba hivyo huwa vitupu jioni za siku za kazi na kodi yake si kubwa. Nimewahi kumweleza Mwislamu aliyesita langoni kwamba zile hatua 12 ambazo wanachama wa AA huzifuata humtaja Mungu kama kila mmoja anavyomwelewa, na kwamba hakuna atakayembatiza. Aliingia, akakaa karibu na mlango, na juma lililofuata akaenda bila mimi.

Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yaliyojumuisha tafiti 27 yalionyesha kwamba programu zilizopangwa za kumwunganisha mgonjwa na AA zilishinda tiba nyingine za mazungumzo katika kumwezesha kuacha pombe kabisa. Mimi hulikazia neno "kumwunganisha". Kumpa mtu anwani kwenye kipande cha karatasi ni kazi nusu, na nakiri kwamba niliifanya hivyo kwa muda mrefu. Siku hizi tunapiga simu pamoja akiwa bado ofisini kwangu, naye huzungumza mwenyewe na mwanachama wa kikundi.

Nawe usiye na mshauri unaweza kufanya vivyo hivyo. Piga simu, taja jina lako la kwanza, sema kwamba ni mara yako ya kwanza na kwamba hutaki kuingia peke yako. Kisha uliza ni nani atakayekusubiri langoni, na atakuwa amevaa nini.