Burgess hakuchora ramani

Nimekutana tena na hoja ileile: mtu ametazama picha ya mji iliyopigwa kutoka angani, hakuona miduara, akahitimisha kwamba Ernest Burgess, mwanasosholojia wa Chicago aliyeueleza mji kwa mchoro wa miduara inayozunguka kitovu kimoja, alikosea. Mwingine huongeza kuwa ndiyo maana Hoyt alikuja kumsahihisha mwaka 1939 kwa modeli ya sekta, yaani vipande vinavyotoka kitovuni kwenda nje kama vya keki, kisha Harris na Ullman wakamsahihisha Hoyt mwaka 1945 kwa modeli ya vitovu vingi. Vitabu vya shule vinachangia sana, maana huzipanga modeli hizi tatu kwenye ukurasa mmoja, mchoro baada ya mchoro, kama washindani wa kombe moja. Nimechoka kulijibu jambo hili vipande vipande.

Kanda tano za Burgess, kuanzia kitovu cha biashara hadi vitongoji vya nje, sizichambui hapa. Kinachosahaulika ni kwamba sura aliyoiandika mwaka 1925 ilihusu ukuaji wa mji, na jina lake linasema hivyo waziwazi. Chicago ilikuwa na watu kama milioni 1.7 mwaka 1900. Kufikia 1920 walikuwa milioni 2.7. Wahamiaji wengi walifikia kwenye kanda ya mpito, ile inayokizunguka kitovu cha biashara. Nyumba pale zilikuwa chakavu, kwa kuwa wenye nyumba walisubiri biashara itanuke iwafikie na hawakuona faida ya kukarabati. Watoto wa wahamiaji walipopata kazi za kudumu walihama kusogea nje, wakawasukuma waliokuwa huko, nao wakasogea mbele zaidi. Burgess aliueleza mwendo huo kama uvamizi na mrithiano, yaani kundi moja kuingia eneo la jingine na hatimaye kuchukua nafasi yake, lugha iliyotoka kwa wanaikolojia wa mimea. Duara ni umbo ambalo msukumo huo ungelizaa kama usingekutana na kizuizi chochote.

Na vizuizi alivitaja mwenyewe! Aliandika kwamba si Chicago wala mji mwingine wowote unaolingana kikamilifu na mchoro wake, akaorodhesha ufuko wa ziwa, mto, njia za reli, viwanda vilivyotangulia, na wakazi wanaogoma kupisha wageni. Upande wa mashariki wa Chicago ni Ziwa Michigan. Karibu nusu ya kila duara haina mahali pa kukaa. Anayempinga kwa kukosa miduara anamrudishia maneno yake mwenyewe, baada ya miaka mia.

Hoyt aliuliza swali jingine kabisa. Alikuwa mchumi katika idara ya serikali kuu ya Marekani iliyodhamini mikopo ya nyumba, na idara ilitaka kujua ni mitaa gani itabaki na thamani hadi mkopo uishe kulipwa. Akakusanya kodi za pango, mtaa kwa mtaa, katika miji 142 ya Marekani. Akaona eneo la kodi kubwa huanzia upande mmoja wa kitovu, kisha husogea nje kwa mwelekeo uleule, likifuata njia za usafiri wa haraka na ardhi iliyoinuka isiyofurika. Burgess anazungumzia umbali kutoka kitovuni. Hoyt anazungumzia mwelekeo. Mji mmoja unaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, na mwanajiografia Robert Murdie alilionyesha hilo kwa takwimu za Toronto mwaka 1969: hatua ya familia, yaani umri na ukubwa wa kaya, ilijipanga kwa miduara, hali ya kiuchumi ilijipanga kwa sekta, jamii za asili mbalimbali zikakaa kwa mafungu. Harris na Ullman wanaongeza tu kwamba shughuli nyingine huvutana na nyingine hufukuzana, kwa hiyo vitovu huwa vingi. Hakuna aliyemfuta mwenzake.

Yapo mawili yanayonisumbua kweli. La kwanza ni Hoyt. Mwaka 1933 alichapisha orodha iliyopanga makabila na mataifa kulingana na athari alizodai wanazo kwenye bei ya ardhi. Idara ileile aliyoifanyia kazi ilielekeza mikopo kwenye mitaa ya Wazungu na ikapendekeza mikataba ya kuwazuia Weusi kununua. Je, sekta zake zilieleza mji, au zilisaidia kuujenga ufanane nazo? Sijui namna ya kuyatenganisha hayo mawili, na sijaona aliyefaulu.

La pili: kama kila kasoro ya mchoro inaitwa kizuizi, modeli itakanushwa na nini? Jibu linaloniridhisha kwa kiasi ni kutafuta mji usio na injini yenyewe. Injini ni soko la ardhi: anayehitaji kitovu zaidi hulipa zaidi, wengine husogea pembeni. Moscow, chini ya ukomunisti, ilikaa miongo mingi bila soko hilo. Watafiti Bertaud na Renaud walipoupima msongamano wake, katika utafiti uliochapishwa 1997, walikuta wakazi wanazidi kubanana kadiri unavyotoka kitovuni, kinyume cha miji yenye soko. Hapo injini imeondolewa na matokeo yamebadilika. Paris ni mtihani mgumu zaidi. Soko lipo na kitovu ni ghali, lakini matajiri wamekaa ndani na wengi wa maskini wako vitongojini, kinyume na Detroit, ambako maskini ndio walio ndani. Bei inapungua kuelekea nje kama nadharia inavyotaka; nani anakaa wapi ndiko kumegeuka, kwa sababu tajiri wa Paris anathamini kitovu chenyewe kuliko uwanja mpana. Burgess alidhani anayefanikiwa lazima ahamie nje. Hilo, si miduara, ndilo la kumbana nalo.