Msitu wa Marsabit haunyweshwi na Ziwa Turkana

Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu kwamba msitu wa Mlima Marsabit, kaskazini mwa Kenya, hunyweshwa na mto uliojificha ardhini kutoka Ziwa Turkana. Si kweli. Tazama ramani: ziwa liko mita 360 hivi juu ya usawa wa bahari, mlima unazidi 1,700. Maji hayapandi mlima yenyewe.

Kinachopanda ni upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Ukifika kwenye mlima huu wa volkano hupoa, ukawa ukungu, nayo miti huunasa na kuudondosha matone. Chemchemi ndizo zinazowachanganya watu, lakini hayo ni maji yaleyale ya mvua na ukungu, yaliyopenya miambani.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Anayeuamini ataona kukata miti hakudhuru maji.